Siku Sita za Raya

Barua pepe ilimfikia Mwanakombo saa nne asubuhi, yuko nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale Tandika, anamhesabia mama mmoja vidonge vya presha. Alisikia simu ikitetema kwenye mfuko wa koti jeupe, akaiacha. Akamaliza kuhesabu, akaandika juu ya bahasha kimoja asubuhi, kimoja jioni, akamweleza yule mama mara mbili kwa sababu alimwona hasikii vizuri, na alipohakikisha ameelewa ndipo akaitoa simu.

Ilikuwa ya Kiingereza na haikuwa ndefu. Mfuko uliokuwa ukiwafadhili wanafunzi waliokatishwa masomo na vita ulimshukuru kwa kuomba. Ulisema maelezo yake yanafanana, na sehemu nyingine neno kwa neno, na maelezo ya mwombaji mwingine aliyekwisha kukubaliwa, na kwamba ya huyo mwingine yamethibitishwa na mama mzazi wa marehemu anayetajwa humo. Kwa sababu hiyo ombi lake limewekwa kando. Kama ana la kujieleza, amepewa siku ishirini na moja.

Aliisoma mara ya pili. Hakujiuliza huyo mwingine ni nani. Maelezo yale aliyasoma mtu mmoja tu kabla ya kutumwa, na ni Mwanakombo mwenyewe aliyempa mtu huyo.

Marietha, mwenye duka, mwanamke wa Bukoba asiyependa mambo ya kuzungushwa, alimwona amesimama tu na wateja wawili wanasubiri. Aliwahudumia wale wateja, kisha akanyoosha mkono akapewa simu. Alisoma huku midomo inacheza.

"Huyu mwingine unamjua?"

"Namjua," Mwanakombo alisema. "Tulikuwa tunalala chumba kimoja."

Chumba hicho kilikuwa Khartoum. Mwanakombo alikwenda huko kusomea ufamasia kwa nafasi aliyoipata kupitia madrasa yao, binti wa Mzee Twaha, fundi wa kushona kanzu, aliyemlea peke yake tangu mama mtu alipofariki mtoto akiwa darasa la pili. Kwenye hosteli walikuwa Watanzania watatu chumba kimoja. Mmoja alikuwa Shamimu wa Msasani, wa ukoo uliokuwepo pale tangu Msasani ni kijiji, msichana mchangamfu ambaye Kiingereza kilimtoka bila kufikiri. Mwingine alikuwa Raya wa Wete, Pemba, mwembamba, ulimi mkali, aliyezaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu na ambaye ukimwonea huruma mnagombana.

Walikuwa mwaka wa tatu vita vilipoanza, siku ya Jumamosi, ndani ya Ramadhani. Siku ya pili maji yakakatika, ya tatu umeme, na Raya akaanza kuumwa mifupa. Mwanakombo alijua anachokiona kwa sababu alikuwa amekisoma darasani: mgonjwa wa aina ile akikosa maji, damu yake inashindwa kupita. Siku ya nne likaja gari la Msudani mmoja aliyekuwa akiwatoa watu mjini. Nafasi zilikuwepo, lakini Raya hakuweza kukaa wala kubebwa, ukimgusa tu anapiga kelele. Shamimu akasema atatangulia atafute msaada kisha arudi nao. Akachukua begi lake dogo, akashuka ngazi. Hakurudi, wala msaada haukuja.

Siku sita zilizofuata Mwanakombo alikaa na Raya peke yao ghorofa ya pili. Alfajiri, risasi zikitulia kidogo, alikwenda kuchota maji kwenye tangi la msikiti. Alimnywesha Raya kwa kifuniko cha chupa, akamkanda kwa taulo, akamgawia vidonge vya maumivu nusu nusu mpaka vikaisha. Siku ya sita, adhuhuri, Raya akafariki. Walinzi wawili wa msikiti walimsaidia kumzika nyuma ya hosteli. Baada ya siku tatu nyingine akapata basi la kwenda mpakani. Pasi zao zote zilikuwa zimebaki kwenye ofisi ya chuo zikisubiri kugongewa ukaazi, kwa hiyo kila mtu alitoka na karatasi ya muda tu, na karatasi hiyo ikachukuliwa uwanja wa ndege.

Alipofika Dar, watu wa kwanza kuja Tandika kumwona walikuwa Shamimu na mama yake. Shamimu alimkumbatia akalia mpaka akaishiwa nguvu. Mama Shamimu akauliza ilikuwaje mwanawe akawatangulia wenzake. Mwanakombo alimtazama Shamimu, akamwona amejikunyata kwenye kochi, hainui macho, akasema walikubaliana wote watatu, tena Raya mwenyewe ndiye aliyesema Shamimu aende. Haikuwa kweli. Siku ile Raya hakusema neno, aligeukia ukutani tu. Lakini Mwanakombo aliona vyema amfunike mwenzake, na tangu hapo hakumwambia mtu yeyote vinginevyo, hata baba yake.

Kwa mama yake Raya hakwenda. Hilo lilikuwa deni la moyo wake. Raya alimwachia maneno ya kumfikishia mama yake, na kila alipopanga safari, maneno yale yalimfunga miguu. Mwanzo alisema atakwenda baada ya arobaini, kisha baada ya Idi, kisha akaacha kusema. Alisikia tu kwamba yule mama amehama Pemba, yuko Mbweni, hapa hapa Dar, kwa mwanawe wa kiume.

Miaka miwili akauza dawa kwa Marietha. Chuo cha kule hakikuwa na mtu wa kumjibu barua, na vyuo vya hapa vilitaka matokeo ambayo hana. Mwaka huu, mwezi wa kwanza, akasikia habari za ule mfuko. Unampeleka mwanafunzi Malaysia, unamlipia kila kitu, na unachotaka ni mtu aeleze masomo yake yalikatikaje na yeye alifanya nini wakati huo. Mwanakombo alikaa Jumapili tatu akiandika zile siku sita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuziandika, na mara ya kwanza kuzitoa kwa mtu. Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza, kwa hiyo alipomaliza alimtumia Shamimu amnyooshee lugha. Shamimu alikaa nayo wiki mbili. Kila akiulizwa anajibu bado anaipitia. Akairudisha siku moja kabla ya mwisho, amebadilisha vitu vichache tu.

Siku hiyo ya barua Marietha hakungoja aombwe. Alimvua koti jeupe kama anavyovuliwa mtoto sare, akamwambia aende.

Nyumba ya kina Shamimu ilikuwa ya zamani, ya bati, imebanwa kati ya mgahawa wa kisasa na ghorofa la kupangisha. Uwanja wa mbele ambao zamani walikuwa wakianika nguo, sasa baba yake aliukodisha kwa ule mgahawa kuegeshea magari. Mwanakombo alipita katikati ya magari, akabisha, akaingia. Alimkuta Shamimu chumbani, sanduku liko wazi sakafuni, nusu limejaa. Tiketi ilikuwa ya wiki ya pili yake.

Hakukana. Hilo ndilo lililomshangaza Mwanakombo, maana njia nzima alikuwa akijiandaa kwa mtu atakayekana. Shamimu alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kueleza kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo ifike apumue. Alisema haikuanzia kwenye maelezo ya mfuko. Ilianza miezi mitatu baada ya kurudi kwao, Bi Thureya, mama yake Raya, alipovuka kutoka Pemba akaja kukaa pale sebuleni kwao na kuuliza nani alikuwa na mwanawe siku za mwisho.

"Alinitazama machoni, Mwana. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwacha? Nikasikia mdomo unasema mie."

"Na mie ukasema nilikuwa wapi?"

Shamimu alichukua soksi kutoka kwenye sanduku, akaikunja, akaikunjua.

"Nilisema wewe ulipanda lile gari."

Habari ya barua Mwanakombo alikuja akiijua. Hii hakuijua. Kwa miaka miwili, kila alipokaa nyuma ya kaunta akiwaza ataupataje ujasiri wa kwenda kwa yule mama, yule mama alikuwa akimjua yeye kuwa ndiye aliyekimbia.

Shamimu aliendelea kusema, na kadiri alivyosema sauti yake ilizidi kuwa ya kawaida. Kwamba Bi Thureya alimpenda, anampigia simu kila Ijumaa, Idi mbili kamletea nguo. Kwamba uongo ukishaota namna ile huwezi kuung'oa. Mfuko ulipotangazwa, hadithi tayari ilikuwa yake kwa Bi Thureya. Alichokosa ni mambo madogo madogo, lile tangi la msikiti, kile kifuniko cha chupa, na hayo yakaja yenyewe kwenye simu yake. Alidhani wataitwa wote wawili. Hakuwaza kama kuna mtu anakaa analinganisha.

"Na wewe ulikaa miaka miwili hujamwambia mtu," alisema. "Nilidhani huitaki."

Wakati huo Mama Shamimu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la juisi, na ilionekana alikuwa hapo muda mrefu. Mwanakombo alimgeukia yeye.

"Mama, wewe ndiye uliyempokea Shamimu uwanja wa ndege. Na baada ya siku kumi ukaja kwetu kunipa pole ya safari. Shamimu alirudi lini? Mie nilirudi lini?"

Mama Shamimu aliweka sinia juu ya meza ya kujipambia. Alizisogeza glasi mpaka zikakaa sawa.

"Mie tarehe sizishiki, mwanangu," alisema. "Umri huu."

Hapo ndipo Mwanakombo alipotaka kulia, na hakulia. Alikumbuka alivyomtuliza mwanamke huyo kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye kochi la baba yake, asije akaona haya kwa ajili ya mtoto wake. Aliaga. Shamimu akamfuata mpaka nje, akamshika mkono katikati ya magari ya wateja wa mgahawa, akamwomba afanye lolote lakini asiende Mbweni. Alikuwa amemwambia Bi Thureya kwamba Raya alikufa vizuri, kichwa kwenye mapaja yake, anasoma shahada, anamwombea mama yake dua na kumtaka radhi.

"Ukimwambia tofauti utamuua yule mama. Hivyo ndivyo unavyotaka?"

Mwanakombo aliutoa mkono wake, akaondoka.

Alikaa na jambo hilo siku nne. Baba yake aliona hali si ya kawaida akamuuliza, naye kwa mara ya kwanza akamweleza yote, toka gari la siku ya nne mpaka sinia la juisi. Mzee Twaha alizima cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho Mwanakombo hakukitegemea: kwamba mfuko unaweza kungoja lakini yule mama amengoja mno, na kosa la kumngojesha si la Shamimu peke yake. Yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jumamosi akaenda Mbweni. Nyumba ilikuwa mpya, ukuta mweupe, bustani bado haijaota. Alifunguliwa na Nassibu, kaka yake Raya, mtu mrefu mwenye macho yale yale ya dada yake. Alikuwa na tabasamu la kumpokea mgeni. Aliposikia jina, tabasamu likamtoka, akasogea pembeni bila kusema karibu.

Bi Thureya alikuwa amekaa barazani nyuma ya nyumba, anadarizi kofia. Mwanakombo alimwamkia.

"Marahaba," Bi Thureya alisema, sindano haikusimama. "Wewe ndiye uliyepanda gari."

Mwanakombo alisema hapana. Alikaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, akaeleza aliyekaa na aliyeondoka. Alieleza vibaya, anarudi nyuma, anaruka mambo. Kila alipotamka jina la Shamimu alimwona Nassibu anatikisa kichwa. Alipomaliza, Bi Thureya alikata uzi kwa meno.

"Sasa kuna masomo ya kupewa, kila mtu atasema alikuwepo," alisema. "Mwenzio kaniletea maneno ya mwisho ya mwanangu. We una yepi?"

Swali hilo Mwanakombo alikuwa akilikimbia tangu Khartoum. Alitazama vigae vya baraza, vipya, vinang'aa. Alijua akisema, atakuwa amemnyang'anya mama huyu kifo kizuri alichopewa, tena kwa ajili ya kutetea nafasi yake mwenyewe. Akinyamaza, atabaki kuwa yule wa kwenye gari mpaka mwisho wa maisha yake.

"Ninayo, mama. Lakini si mazuri."

"Yaseme."

"Alisema nikwambie kuwa nyumba yako ya Mbweni hatoingia, hata kwa mguu mmoja. Alisema umeuza shamba la mikarafuu kuijenga, na kaburi la baba yake limo ndani ya shamba hilo."

Nassibu alisimama akamwambia atoke. Bi Thureya akainua kiganja, mtoto wake akanyamaza, lakini hakukaa. Kofia ilikuwa imelala mapajani mwa yule mama na sindano ikiwa imechomekwa nusu.

"N'ambie yote," alisema.

Mwanakombo akamwambia yote. Alimwambia maneno yale Raya aliyasema siku ya pili ya zile sita, kwa hasira, bado ana nguvu ya hasira. Akamwambia kwamba chini ya kitanda cha Raya kulikuwa na kopo la visheti alivyotumiwa na mama yake kwa mkono wa msafiri, navyo aliapa hatovigusa, alikuwa akivigawa kwa majirani. Siku ya nne, chakula kimekwisha kabisa, Raya aliliomba lile kopo. Vilikuwa vimebaki vichache. Alikula kimoja polepole, akala na cha pili, akasema mama katia hiliki nyingi, anajua naipenda. Kisha akaomba alambe unga uliobaki koponi.

"Akasema kanisamehe?"

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Mwanakombo alimwona jinsi alivyokaa, shingo mbele, akilisubiri neno hilo.

"Hakusema, mama."

"Shahada alisoma?"

"Nilimsomea mie. Yeye sauti ilikuwa imeshakatika. Lakini alinibana kidole."

Bi Thureya aliinuka akaingia ndani. Walimsikia akifungua bomba la maji, likatiririka muda mrefu. Nassibu alisimama kando ya nguzo akitazama ukuta wake mpya. Mama mtu aliporudi uso ulikuwa umelowa, na mtandio ameufunga upya.

"Miezi minne mwanangu alikuwa hapokei simu yangu," alisema. "Hilo halijatoka nje ya nyumba hii. Shamimu aliponambia Raya kaniombea dua na kunitaka radhi, moyo ulikataa. Nikasema, huyu si Raya. Nikaulazimisha ukubali, kwa kuwa lilikuwa jambo tamu." Alivuta pumzi. "Huyu ulonletea wewe ndo mwanangu. Ndivyo alivyo."

Hakumkumbatia. Aliuliza kaburi liko upande gani wa jengo, kuna kivuli au hakuna, nani alishuka mwanandani kumlaza. Mwanakombo alijibu kila swali: nyuma, karibu na mwarobaini, kivuli kinafika jioni, alishuka mlinzi mmoja mtu mzima. Kisha Bi Thureya akamwambia Nassibu alete karatasi, aandike kwamba ushahidi aliotoa kwanza aliutoa kwa kudanganywa, na aliyekuwa na mwanawe ni huyu aliyekaa hapa. Nassibu aliandika kwa Kiingereza, akamsomea kwa Kiswahili, mama akatia sahihi.

Alimkabidhi Mwanakombo ile karatasi, lakini hakuiachia mara moja.

"Miaka miwili," alisema. "Ulikuwa Tandika tu hapo, siku zote hizo."

"Nilishindwa kuyabeba, mama."

"Ningeyapokea. Ungelinletea ningeyapokea, na mwenzio asingelipata pa kupandikiza uongo wake." Akaiachia karatasi. "Nenda sasa. Nikitaka kukuona nitakwita. Usije mpaka nikwite."

Mwanakombo alitembea mpaka barabara kubwa. Malori ya saruji kutoka Wazo yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, vumbi linamwingia machoni, naye amesimama kituoni na karatasi ndani ya mkoba. Alitegemea atajisikia mwepesi. Badala yake alijisikia kama mtu aliyechukua maneno ya Raya, maneno ya hasira ya msichana aliyekuwa anaumwa, akayabadilisha kwa sahihi. Shamimu ndiye aliyemfikisha hapo. Hilo nalo alimhesabia, na lilikuwa zito kuliko la barua.

Alituma maelezo yake na ile karatasi jioni hiyo hiyo. Shamimu alisafiri kama tiketi yake ilivyosema. Mwanakombo alimwona kwenye picha za watu, uwanja wa ndege, mama yake pembeni anacheka. Majuma matano hakukuwa na jibu. Marietha alianza kuapa kwamba wazungu wale wamelala, ingawa hakuna aliyejua kama ni wazungu. Jibu lilipokuja lilikuwa la kistaarabu na la baridi. Mfuko ulikubali maelezo yake na kumwomba radhi. Nafasi yake itakuwa ya mkondo wa mwezi wa pili. Kwa kuwa matokeo yake ya miaka mitatu hayapatikani, chuo kitampokea kama mwanafunzi mpya wa mwaka wa kwanza. Kuhusu mwombaji mwingine, hilo ni suala kati ya mfuko na mwombaji huyo.

Mwaka wa kwanza. Atakuwa na umri wa miaka ishirini na saba, anakaa na watoto waliotoka sekondari juzi, anafundishwa upya kusoma lebo ya chupa. Alicheka peke yake alipofika sentensi hiyo, kicheko kisicho na raha, kisha akaenda kumwambia baba yake. Mzee Twaha alisujudu pale pale kwenye vipande vya vitambaa.

Shamimu aliandika mara moja. Mwanakombo aliuona ujumbe ukija, mrefu, umeanza na jina lake lote. Ulisema mfuko umemwita kumhoji, wamempunguzia posho lakini hawajamfukuza, anasoma, amekonda, anaomba msamaha, ila naye Mwanakombo angemwelewa, kwani gari lile lingekuja na yeye ndiye mzima aliyesimama mlangoni, angefanyaje? Mwanakombo alisoma mpaka mwisho. Alijua angefanyaje. Hakujibu.

Wiki ya mwisho kabla ya safari, baba mtu alimzungusha mtaa mzima wa Tandika kuomba radhi, kama inavyofanywa kwa mtu anayekwenda mbali. Walianza kwa mwalimu wa madrasa, wakaenda kwa majirani, kwa muuza mkaa aliyewahi kugombana naye, kwa Marietha aliyesema yeye Mkatoliki lakini amesamehe vile vile. Kila nyumba walikaa kidogo, wakaambiwa maneno mazuri, wakaondoka. Mbweni Bi Thureya alikuwa hajamwita, na Mwanakombo hakwenda.

Siku ya tatu Mzee Twaha alivaa kofia yake nzuri, akauliza Msasani wanakwenda saa ngapi.

"Mie siendi, baba."

Alimkumbusha kwamba safari ni safari, mtu hajui kama atarudi. Mama Shamimu ni mtu mzima. Wangekwenda dakika kumi tu. Mwanakombo alikuwa akikunja kanzu mbili ambazo baba yake alimshonea azipeleke kama zawadi kwa watu wa huko. Alizikunja vizuri, akaziweka sandukuni, akasema Tandika yote ameomba radhi kwa moyo wake, na kule hana moyo wa kupeleka. Baba mtu alikaa kwenye kiti cha cherehani akiwa bado amevaa kofia.

"Na mkikutana huko?" aliuliza. "Nchi moja, Watanzania wenyewe wachache. Mtakutana tu."

"Nitamsalimia."

"Basi?"

"Basi," Mwanakombo alisema, akaenda kutafuta kufuli la sanduku.